Mlango Asioingilia Mtu

Mlango wa mashariki ulifunguka kiasi cha kupitisha mkono, ukagoma. Nikausukuma kwa bega, nikausukuma kwa mgongo, nikamwomba Mungu anisamehe kwa neno lililonitoka, nikasukuma tena. Haukusogea. Kwenye ule mwanya niliona weupe mtupu. Theluji ilikuwa imelundikwa mpaka usawa wa kifua changu, imeshindiliwa kama zege.

Ilikuwa Jumatatu ya pili ya Januari. Theluji ile haikuanguka pale yenyewe. Ya kuanguka ni laini, unaipangusa kama unga. Hii ilisukumwa na trekta kutoka uwanja wa magari ikaachwa hapo, kwa sababu machoni mwa dereva hapo hapakuwa na kitu: ukuta, mlango usiotumika, na nyasi zilizofunikwa mpaka Aprili.

Nyuma yangu kulikuwa na korido yenye vyumba tisa na wazee tisa, sita kati yao wa viti vya magurudumu. Katika chumba cha mwisho, kilicho karibu kabisa na mlango ule, anakaa kaka yangu Isbrand.

"Umeshindwa na mlango?" aliniita kutoka ndani. "Upige teke. Ndivyo ulivyokuwa ukimfanya ng'ombe wa baba."

"Ng'ombe wa baba alikuwa na akili. Alisogea."

Mimi ni mtunza jengo wa Nyumba ya Wazee ya Blumenruh, iliyo mali ya kanisa letu. Jengo ni la ghorofa moja, refu kama mkate. Katikati kuna jiko, chumba cha kulia na chumba cha kufulia. Vyumba vya wazee viko pande mbili, mashariki na magharibi. Moto ukiwaka katikati, watu wa mashariki hawana njia nyingine isipokuwa mlango ule niliokuwa nauegemea.

Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na minne, kama wasichana wengi wa Blumenruh wa enzi zangu. Nilirudi darasani nikiwa na hamsini na sita, kila Jumanne na Alhamisi jioni, nikasomea usalama wa majengo. Mwalimu wetu, mwanamke mfupi aliyewahi kuwa zimamoto, alituambia kwamba mlango wa dharura hauishii mlangoni. Unaishia barabarani, mahali ambapo mtu anaweza kusimama mbali na moshi na gari la wagonjwa likamfikia. Kati ya mlango na barabara pasiwe na barafu, wala lundo, wala uzio wenye kufuli, na njia isimrudishe mtu kwenye jengo linaloungua. Mimi huandika polepole, kwa hiyo niliyoyaandika sikuyasahau.

Lakini niseme aibu yetu. Miaka yote, zoezi la moto la majira ya baridi tulilifanya hivi: kengele inalia, tunawasukuma wazee mpaka mlangoni, kila mmoja anagusa kitasa, tunaandika kwamba amefika, kisha tunarudi kunywa kahawa. Nani atawatoa wazee nje kwenye nyuzi thelathini chini ya sifuri kwa ajili ya mazoezi tu? Hivyo hakuna aliyejua kilichokuwa upande wa pili wa kitasa. Hata mimi. Nilijua Jumatatu ile kwa sababu nilitaka kupangusa barafu kwenye bawaba.

Kwetu, ukiwa na neno na mtu, unamwendea kwanza peke yako. Asiposikia, unarudi na shahidi. Asiposikia tena, unalipeleka neno kanisani. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Kumpeleka ndugu kwa serikali hakumo kwenye hesabu kabisa.

Basi nilimwendea Delbert Kroeker peke yangu. Ndiye mwenye trekta, na kwa majira kumi na moja ya baridi amekuwa akitusafishia theluji bila kuchukua hata senti. Nilimkuta uwanjani amekaa juu ya trekta lake, anabangua mbegu za alizeti na kutema maganda dirishani.

"Ndugu Delbert."

"Dada Justina! Nimekwangua vizuri au vibaya?"

"Mbele ni safi. Mtu anaweza kucheza dansi."

"Sisi hatuchezi dansi."

"Ndiyo maana hatuvunjiki miguu. Sasa sikiliza, umeniwekea mlima kwenye mlango wa mashariki."

"Mlango gani?"

"Ule wa mwisho, karibu na kwa Isbrand."

Alifikiri kidogo. Kisha akavuta karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki kutoka nyuma ya kipande cha kukinga jua. "Soma hapo."

Nilisoma. Yalikuwa makubaliano yake na kanisa, mistari sita tu. Atasafisha uwanja wa magari, *milango yote ya kuingilia* na njia ziendazo kwenye milango hiyo.

"Nani anaingia pale?" aliuliza.

"Hakuna. Kwa nje hauna hata kitasa."

"Basi."

"Lakini watu wanatokea pale, Delbert!"

"Lini umemwona mtu akitokea pale?"

"Siku ya moto."

"Jengo lina miaka ishirini na tisa. Limeungua mara ngapi?"

"Halijaungua."

"Basi na mimi sijakosea hata mara moja." Alitabasamu. Delbert si mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichosha. Mtu mbaya unaweza kumkasirikia ukalala vizuri. "Na theluji ya uwanja mzima niipeleke wapi? Niile?"

"Kuna bonde la maji kule kaskazini."

"Kule ni kwenda na kurudi mara mbili. Mafuta nanunua mimi."

Nilirudi siku ya tatu na shahidi. Nilimchukua Marivic, anayewahudumia wazee wa upande wa mashariki. Ametoka Ufilipino na amekaa nasi miaka saba, na anawainua wazee kitandani kana kwamba anainua mito. Delbert alimkaribisha mbegu za alizeti. Marivic akachukua konzi nzima.

"Kaka Delbert," alisema huku anabangua, "mimi si wa kanisa lenu. Mimi Mkatoliki. Lakini moshi hauulizi mtu anasali wapi."

Delbert alicheka mpaka akakohoa. "Huyu umempata wapi, Justina? Mlete kwenye mkutano wa kanisa, watu waache kusinzia."

"Utaondoa lundo?"

"Dada, neno ni neno. Nikianza kusafisha yasiyoandikwa, kesho mtanitaka nisafishe na makaburi. Kamuulize aliyeandika."

"Nani aliandika?"

Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Hujui? Kaka yako."

Nilimkuta Isbrand dirishani, ndani ya kiti chake cha umeme ambacho kwa betri zake ni kizito kama ndama. Ana miaka themanini na mmoja. Alikuwa katibu wa kanisa miaka ishirini, na hata sasa anasahihisha matangazo ya Jumapili kwa kalamu nyekundu.

"Ndiyo, niliandika mimi," alisema. "Kuingilia. Makusudi."

"Makusudi?"

"Nyumba ya Bwana, watu huingia. Sikutaka karatasi ya kanisa izungumzie watu kukimbia."

"Isbrand, wewe mwenyewe unalala hatua nne kutoka ule mlango."

"Wakati ule nilikuwa nalala nyumbani kwangu, kwa miguu yangu." Halafu akainua kidole. "Na neno ni sahihi. Kila mlango wa kutokea ni wa kuingilia pia. Inategemea umesimama wapi."

"Kamwambie Delbert hayo."

"Delbert hana fikra za namna hiyo."

"Basi andika barua. Mstari mmoja tu: nilipoandika hivi nilimaanisha na hivi."

"Mimi si katibu tena. Na sikukosea." Akaugeuza uso dirishani, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama isipokuwa lile lundo lenyewe, limefika nusu ya kioo. "Ukitaka pasafishwe, koleo liko stoo."

Zamu ya kanisa ilifika. Kamati ya Nyumba hukutana Jumatano saa nane mchana, kwa kahawa na keki ya rubabu, ule mmea mchachu wa bustanini. Mwenyekiti ni Erdman Sawatzky, mzee mpole mwenye sauti ya chini inayomfanya kila mtu ainame mbele kumsikiliza. Nilieleza kila kitu. Nilichora hata picha: mlango, lundo, barabara umbali wa hatua thelathini. Waliitazama na kuipitisha mkono kwa mkono kama picha ya mtoto mchanga.

"Tunakushukuru, Dada Justina, kwa moyo wako," alisema Sawatzky. "Lakini kubadili makubaliano ni kazi ya mkutano mkuu."

"Ambao ni lini?"

"Mwisho wa Machi."

"Mwisho wa Machi theluji itakuwa inayeyuka."

"Basi unaona? Tatizo nalo litakuwa limekwisha."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Na Delbert anatufanyia bure," aliongeza mjumbe mmoja. "Mtu anakuletea maziwa ya bure, utamwambia ndoo yake ina kutu?"

"Kama ina kutu, ndiyo."

Mtu akakoroga kahawa ambayo tayari ilikuwa imekorogwa.

"Tuliombee jambo hili," alisema Sawatzky.

"Nimeliombea kila asubuhi kwa siku tisa. Jibu nililopata ni kwamba nije niwaambie ninyi."

Waliomba hata hivyo, maombi mazuri na marefu. Nami niliinamisha kichwa nikasema amina, kwa sababu sikuwa na ugomvi na Mungu. Nilitoka pale nimekunja ngumi ndani ya glavu.

Nikachukua koleo. Wiki mbili, kila asubuhi kabla ya kifungua kinywa cha wazee, nilichimba. Nilifungua mlango, nikafungua kibaraza cha zege mbele yake, nikaanza mfereji kuelekea barabarani. Upana wa koleo moja mtu hupita. Kiti cha magurudumu kinataka makoleo matatu. Nilikuwa nikifika hatua kumi, usiku upepo wa kaskazini-magharibi unazirudisha kuwa sita. Isbrand alikuwa akigonga kioo na kunionyesha kwa vidole hatua nilizopoteza. Jumatano ya pili nilifika hatua kumi na nane, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Alhamisi theluji ikanyesha, Delbert akaja na trekta, akaufukia mfereji wote kwa msukumo mmoja.

Nilimkimbilia nikipunga mikono.

"Kulikuwa na kitu hapo?" aliuliza.

"Mfereji wangu!"

"Oh. Nilidhani ni sungura."

Sikulala vizuri usiku ule, lakini niliamka na wazo, na nikadhani limetoka juu. Kama Delbert husafisha milango ya kuingilia, basi watu na waingie. Nilifukua tena mlango na kibaraza, nikampata fundi akaweka kitasa kwa nje. Nikabandika kibao: KARIBUNI, MLANGO WA WAGENI WA MASHARIKI. Nikatangaza kanisani kwamba kuanzia Jumapili, wageni wanaokuja kula mikate na jamu na jamaa zao wa upande ule, saa tisa alasiri, wapitie pale, wasipitishe theluji ya viatu katika jengo zima. Wanawake walifurahi. Jumapili ile watu kumi na watano walipanda juu ya lundo kama mbuzi, wameshika sahani zilizofunikwa, wakaingia.

Jumatatu nilimwonyesha Delbert kibao. Alikisoma mara mbili, akajipiga paja.

"Umenikamata! Haya. Neno ni neno."

Akasafisha. Niliposikia trekta nilipiga magoti kando ya mashine za kufulia nikashukuru. Halafu nikatoka kutazama.

Kibaraza kilikuwa safi. Njia ilikuwa safi, pana, imenyunyiziwa mchanga. Ilianzia mlangoni, ikakata kushoto, ikafuata ukuta chini ya madirisha yote, ikapita mbele ya tundu la moshi la chumba cha kufulia, mpaka uwanja wa magari. Na theluji yote aliyoitoa humo alikuwa ameilundika mbele ya kibaraza, upande wa barabara. Sasa lundo lilinipita urefu.

"Delbert! Njia iende barabarani!"

"Wageni wanatoka barabarani? Kwa baridi hii? Wageni wanatoka kwenye magari, na magari yako uwanjani."

"Lakini hii inarudi kwenye jengo. Moto ukiwaka katikati, nitawapeleka wazee kwenye moto!"

"Dada Justina." Hakukasirika. Alikuwa amechoka tu, kama mimi. "Umeniomba mlango wa kuingilia. Nimekupa mlango wa kuingilia."

Kamba niliisuka mwenyewe, nikajifunga nayo.

Jumamosi ya tatu ya Februari, saa nne na nusu asubuhi, kengele ililia. Nilikuwa kwenye korido ya mashariki nabadilisha balbu. Nilipotazama kuelekea katikati niliona moshi unatembea chini ya dari, mweusi, hauna haraka. Nyuzi za nguo zilikuwa zimejikusanya ndani ya mashine ya kukaushia, zikashika moto, na moto ukapata shuka. Wenzetu wa magharibi walitoka kwa mlango mkuu. Sisi tulifunga mlango mzito wa korido, tukabaki na upande mmoja tu wa kwenda.

"Nje!" nilimwambia Marivic. "Mablanketi yote!"

Niseme kwamba mlango ulifunguka vizuri sana, mpaka ukagonga ukuta. Kwa dakika tatu tuliwatoa wote tisa tukawapanga kibarazani, wamefunikwa vichwa. Nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri. Nikageuka kushoto, kwenye njia ya wageni. Kule mbele, moshi ulikuwa unamwagika kutoka tundu la chumba cha kufulia na kutoka dirishani, na upepo wa magharibi ulikuwa unaulaza ukutani na kutuletea sisi. Njia yote nzuri, yenye mchanga, ilikuwa imejaa moshi. Mbele yetu, lundo. Nyuma yetu, jengo.

Bi Tena Dueck, mwenye miaka tisini na mitatu, alianza kukohoa. "Justina, mwanangu, tunaenda wapi?"

"Barabarani, Bi Tena."

"Iko wapi?"

Ilikuwa nyuma ya ule ukuta mweupe, hatua thelathini. Nilisikia king'ora cha zimamoto kikifika mbele ya jengo, upande wa pili kabisa, ambako kila mtu alidhani ndiko tuliko.

Marivic hakusubiri. Alipanda lundo kwa magoti akalikanyagakanyaga kutengeneza kigongo cha kupitia. Wale watatu wanaotembea tuliwapandisha kwa kuwasukuma, wakateremka upande wa pili kwa makalio, Bi Tena akiwa wa kwanza. Wa viti tuliwatoa kwenye viti, tukawalaza juu ya mablanketi, tukavuta. Mimi mbele, Marivic nyuma. Tulikuwa tukizama mpaka mapajani. Mtu mzee ni mwepesi unapomwinua kitandani. Ukimvuta kwenye theluji ni mzito kama dhambi. Tulipomfikisha wa tano barabarani, gari lilisimama na wanawake wawili wakashuka wakatusaidia.

Isbrand alibaki wa mwisho. Alikuwa ameiwasha mota akijaribu kulipanda lundo mwenyewe, na magurudumu yalikuwa yamezama mpaka kwenye betri. Moshi ulishafika kibarazani.

"Achia kiti!" nilipiga kelele.

"Kiti hiki ndiyo miguu yangu!"

"Achia, Isbrand!"

Alikuwa ameshika mikono ya kiti, chuma kitupu, bila glavu. Nilimbandua kidole kimoja kimoja. Tukamwangusha kwenye blanketi, wanawake wanne, tukamvuta juu ya lundo.

"Msinivute kama gunia!"

"Gunia lingenyamaza!" nilimjibu, na nilikuwa nalia.

Moto ulizimwa kwa dakika kumi. Haukutoka nje ya chumba cha kufulia. Wazee wote tisa walikuwa hai. Bi Tena alilazwa siku nane kwa kifua. Isbrand aliunguzwa na baridi vidole vitatu vya mkono wa kulia, na daktari alisema cha kati huenda kikakatwa.

Jumatatu kamati ilikutana kwa dharura. Sawatzky alisimama, machozi yamemlengalenga kweli. "Wote tisa," alisema. "Bwana hakumwacha hata mmoja. Wote walitoka." Wakaimba ubeti mmoja. Kisha akasema ingefaa Jumapili tumshukuru hadharani Ndugu Delbert, maana mlango ule, ambao mwezi uliopita ulikuwa umefukiwa, safari hii ulifunguka bila shida. Mpango umefanya kazi.

Nilisimama.

"Haukufanya kazi," nilisema. "Tuliwavuta kwa mablanketi."

"Lakini walitoka, dada."

"Walitoka mlangoni. Nje hawakuwa na pa kwenda."

"Tutaliweka kwenye mkutano wa Machi," alisema, akinipigapiga mkono.

Jioni nilikwenda hospitali. Isbrand alikuwa ameegemea mto, mkono umefungwa mpaka kiwiko. Nilimwambia nitampigia simu mkaguzi wa zimamoto wa mkoa.

"Hatujawahi," alisema. "Tangu babu zetu hatujawahi kumleta mtu wa serikali kuamua mambo ya kanisa."

"Najua."

"Akija atafunga upande wa mashariki. Unajua hilo? Watatutawanya. Mimi nitapelekwa mjini, kilomita mia, nikae na watu wasiojua hata jina la baba yangu. Justina, mimi nakuomba. Mimi ni kaka yako."

"Ndiyo maana."

"Ukipiga hiyo simu, usije kunitembelea."

Nilikaa kwenye gari langu katika uwanja wa hospitali, mota inanguruma. Nilimwomba Mungu anizuie kama nakosea. Nikangoja. Hakuna kilichonizuia isipokuwa hofu yangu mwenyewe, na hofu hiyo naifahamu, tumekua pamoja.

Asubuhi saa mbili na dakika moja nilipiga. Aliyepokea alikuwa mwanamume mwenye mafua. Aliniuliza anuani, idadi ya wazee, upana wa njia. Nilimjibu yote. Mwisho akaniuliza, "Ungependa jina lako lisiandikwe? Wengi huomba hivyo, hasa miji midogo."

"Liandike," nilisema. "Justina Harder. Mimi ndiye mtunza jengo."

Mkaguzi alikuja Alhamisi na futi yake ya chuma. Alitembea, alipima, alipiga picha, hakunywa kahawa. Aliipa kamati siku saba: kila mlango wa dharura uwe na njia yenye upana wa mita moja na nusu, mpaka barabara ya umma, isiyopita kando ya ukuta, na iwe safi kila siku theluji inaponyesha. La sivyo vyumba vya upande ule vifungwe. Sawatzky alitia saini bila kuniangalia. Jumapili, kwenye benchi letu, watu waliacha nafasi ya mtu mmoja kila upande wangu.

Isbrand alirudi chumbani kwake Jumatatu. Nilimpelekea chai. Aliinywa, akanirudishia kikombe, hakusema neno. Sasa ni siku ya kumi na mbili hajasema nami. Chai anakunywa.

Delbert alikuja siku ya sita ya zile saba za mkaguzi, siku moja kabla ya kufungwa. Alilisukuma lundo lote mpaka bonde la kaskazini, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mimi nilisimama barabarani na koleo, nikimwonyesha kwa mkono pa kukata. Hakunisalimu. Alipomaliza, mlango na barabara vikawa vinatazamana kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Akasimamisha trekta kando yangu na kushusha kioo.

"Kuna mwingine?"

"Wa magharibi. Na wa jiko."

"Wa jiko nao!" Alifumba macho kama anayehesabu. "Wewe mwanamke utanizika."

"Nitakuzika vizuri, Ndugu Delbert. Sasa zunguka kule, nami nakuja na koleo."

Alipandisha kioo. Kisha akazunguka.